Usiku wa Mashoga Berlin: Saa, Mlango na Koti

Mgeni anayetoka Nairobi au Dar kuja kuonja usiku wa Berlin hukosea kwanza kwenye saa. Anakula mapema, anaoga, anajipulizia manukato, na saa tatu usiku yuko ndani ya baa ya Motzstraße anatazamana na mhudumu anayepanga glasi na mzee mmoja aliyekuja na mbwa wake. Anafikiri ameelekezwa vibaya. Mahali ni penyewe, ila amewahi mno. Baa za mtaa huo wa Schöneberg huanza kuchangamka saa nne, zikajaa kati ya saa tano na saa nane usiku. Klabu kabla ya saa saba usiku utawakuta wafanyakazi watupu. Na zile kubwa zinazofunguliwa Jumamosi usiku na kufungwa Jumatatu asubuhi hunoga zaidi Jumapili mchana. Berlin Magharibi ilifuta saa ya lazima ya kufunga baa mwaka 1949, na tangu hapo mji umezoea kwamba hakuna anayekufukuza.

Kwa hiyo kula saa mbili, lala hadi saa sita, ndipo utoke. Au lala usiku mzima, amka, kunywa chai, uende klabu Jumapili saa nne asubuhi. Wengi tunaoishi hapa tumehamia kwenye utaratibu huu wa pili. Wageni tunaowapokea hucheka mpaka waujaribu.

Halafu kuna mtego wetu Waswahili. Ukimwambia mwenzako "tukutane saa tano", naye amekaa Ulaya miaka mingi, anaweza kutokea 17:00 wakati wewe unamaanisha 23:00. Andikianeni kwa tarakimu. Na tangazo likisema Jumapili 00:00, hiyo ni Jumamosi usiku kuamkia Jumapili. Kuna watu hufika wamechelewa saa 24 kamili, wakakuta geti limefungwa na chupa tupu zimeachwa ukutani. Ndiyo maana waandaaji wengi siku hizi huandika 23:59.

Schöneberg ndipo mahali rahisi pa kuanzia. Shuka Nollendorfplatz, zinapokutana treni za U1, U2, U3 na U4. Kuba la stesheni huwashwa taa za rangi za upinde wa mvua usiku. Ukutani mwa stesheni hiyo, tangu 1989, kuna bamba la pembetatu ya waridi la kuwakumbuka mashoga waliouawa na Wanazi. Motzstraße, Fuggerstraße na Eisenacher Straße zimejaa baa, nyingi za wanaume, nyingi za watu wa umri wa kati, na baadhi bado zinaruhusu sigara ndani, kwa hiyo nguo utakayovaa huko usiitegemee kesho yake. Kwenye kona ya Motzstraße na Kalckreuthstraße palikuwa na Eldorado, ukumbi uliokuwa maarufu kote Ulaya kabla ya Hitler; jengo hilo limekuja kuwa duka la vyakula. Anayetaka kuelewa mji huu atenge mchana mmoja kwa Schwules Museum, makumbusho ya mashoga kule Lützowstraße, kisha aende bustani ya Tiergarten kwenye mnara wa kuwakumbuka mashoga walioteswa na Wanazi, uliozinduliwa 2008: mchemraba wa zege wenye kidirisha, na ukichungulia unaona filamu ya watu wa jinsia moja wakibusiana. Si mbali na hapo ndipo ilipokuwa taasisi ya Dakta Magnus Hirschfeld ya utafiti wa jinsia na mapenzi, iliyofunguliwa 1919 na kuvamiwa na wafuasi wa Wanazi tarehe 6 Mei 1933. Kifungu cha 175, sheria iliyowafunga mashoga wa Ujerumani, kilifutwa kabisa mwaka 1994 tu. Wazee unaowaona kaunta za Fuggerstraße waliishi chini yake.

Kreuzberg na Neukölln zina vijana zaidi na mchanganyiko zaidi wa watu. Pale Kottbusser Tor kuna Möbel Olfe, ambayo mlango wake uko upande wa nyuma wa lile jengo refu, na wageni huzunguka mara mbili kabla ya kuuona. Alhamisi ndiyo siku yake ya wanaume. Hatua chache kutoka hapo, Oranienstraße, ukumbi wa SO36 huandaa Gayhane, dansi ya muziki wa Kituruki, Kiarabu na wa Balkan. Mtu wa Mombasa au Unguja aliyekulia kwenye taarabu atasikia vinanda anavyovijua. Silver Future kule Weserstraße ni ya kila mtu, wakiwemo watu waliobadili jinsia, na wanawake wana Begine kule Potsdamer Straße. Angalizo: usitegemee orodha za zamani. SchwuZ, klabu iliyoanza 1977 na iliyotajwa kwenye kila kitabu cha wasafiri, ilifungwa 2025, na bado kuna watu wanaofunga safari hadi Rollbergstraße. Kabla ya kutoka, tazama ukurasa wa mahali penyewe, tena siku hiyohiyo, kwa sababu klabu moja inaweza kuwa na sherehe ya wanaume peke yao Ijumaa na ya watu wote Jumamosi.

Sasa mlango. Baa hazina shida: unaingia, au unabonyeza kengele unafunguliwa, basi. Klabu ni habari nyingine, na Berghain ndiyo inayowanyima watu usingizi. Iko nyuma ya stesheni ya Ostbahnhof, ndani ya jengo lililokuwa mtambo wa umeme. Ilifunguliwa 2004 kuchukua nafasi ya klabu ya Ostgut, na mizizi yake ni sherehe za wanaume mashoga. Ukilijua hilo, mlango wake unaanza kueleweka: mabaunsa wanalinda nafasi ya watu hao isimezwe na watalii waliokuja kutazama tu. Wanaokataliwa zaidi ni kundi la watu wanne watano wanaocheka kwa sauti, waliolewa, wanaopiga picha wakiwa foleni, na waliovaa kama wanaenda harusini. Hapo mwishoni ndipo wetu wengi hunaswa. Kwetu kutoka usiku ni kupendeza: shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, saa mkononi. Pale vaa fulana nyeusi, suruali unayoweza kuchezea saa sita mfululizo, na buti au raba zenye soli nene, maana sakafu huwa na maji na vipande vya chupa.

Foleni ya Jumamosi kati ya saa saba na saa kumi usiku inaweza kuchukua saa mbili tatu, na Januari hapo nje ni chini ya sifuri. Jumapili asubuhi huwa fupi zaidi. Nendeni wawili au peke yako. Ukifika mbele, baunsa ataangalia, labda atauliza mko wangapi. Jibu namba, basi. Akiuliza nani anacheza muziki leo, uwe na jina moja au mawili kichwani. Usitabasamu kama muuza bima, wala usikunje uso kama polisi. Akitikisa kichwa, ondoka. Hatoi sababu, habishani, na anayebishana hukumbukwa. Mtu huyohuyo wiki ijayo huingia bila neno, kwa hiyo usijipime utu wako kwa mlango ule. Kilicho cha maana ni kuwa na mahali pa pili tayari, palipo karibu, kabla baridi haijakuamulia urudi kulala.

Kuna swali ambalo vitabu vya wasafiri hulikwepa: je, weusi wa ngozi huathiri mlangoni? Mahali pengine, ndiyo. Kuna milango ambako Waafrika wawili hukataliwa na Wajerumani wawili waliovaa vivyo hivyo wakapita. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2006 dhidi ya ubaguzi inazihusu klabu pia, na madai yanatakiwa yawasilishwe ndani ya miezi miwili. Andika saa, mahali, maneno yaliyosemwa na namba za mashahidi usiku huohuo, kisha nenda GLADT, shirika la Berlin linaloendeshwa na watu weusi na wahamiaji walio mashoga, wasagaji au waliobadili jinsia. Kwenye programu za kutafutana, utakutana pia na anayekutaka kwa sababu tu ya rangi yako na hadithi alizosikia kuhusu mwili wako. Kumzuia ni kubonyeza mara mbili.

Pesa. Ujerumani bado inapenda noti, na klabu nyingi mlangoni hazitaki kadi. Beba euro 80 hadi 100 taslimu kwa usiku wa klabu: kiingilio cha klabu kubwa ni kati ya euro 20 na 30, bia euro 4 au 5, koti euro 2 au 3. Toa pesa mchana kwenye mashine ya benki halisi. Zile zilizotundikwa vichochoroni vya watalii hutoza ada kubwa, na zikikuuliza kama unataka kubadilishiwa kwa shilingi kwa kiwango chao, kataa. Acha benki yako ibadilishe. Ukitoa noti ya 20 huku unasema "danke", mhudumu ataelewa umemwachia chenji yote. Taja kwanza kiasi unachotaka kulipa, ukiongeza kama asilimia 10, ndipo unyooshe mkono. Na ukipewa chupa pamoja na kidude cha plastiki, hicho ni risiti ya amana. Rudisha vyote viwili kaunta upate euro yako. Chupa bila kidude hailipwi.

Koti liache kwa mtunza makoti. Ndani joto ni la Mombasa mwezi wa tatu, na koti lililowekwa kwenye kiti hutembea. Namba ya koti weka ndani ya soksi au ipige picha kabla simu haijabandikwa stika, maana klabu nyingi hubandika stika kwenye kamera zote mbili. Kuibandua ndani ni kutolewa nje palepale. Sheria hiyo inakulinda wewe kuliko yeyote: hakuna atakayekurusha mtandaoni ukicheza bila shati halafu shangazi akakuona Tanga. Lakini kumbuka inaishia mlangoni. Foleni ya nje, barabara, gwaride la Julai, huko kamera ni nyingi na hakuna anayeomba ruhusa.

Chumba cha giza, kile cha kufanyia mapenzi ndani ya klabu, kina adabu zake, na hazisemwi kwa mdomo. Simama pembeni mpaka macho yazoee, dakika mbili hivi. Mkono ukikugusa nawe hutaki, uondoe taratibu. Hiyo ni hapana kamili, na anayerudia baada ya hapo amevunja adabu, mwite mfanyakazi. Kwako pia ni hivyo: mkono wako ukiondolewa, geuka. Hakuna maongezi, hakuna tochi ya simu. Mfukoni usiwe na chochote cha thamani: pochi na pasipoti ziache kwenye kabati, bakiza noti moja. Wezi wa Berlin hawana haja ya kutumia nguvu, giza linawatosha.

Sauna za wanaume, kama Der Boiler kule Mehringdamm, zinafaa kwa asiyependa kelele. Unapewa taulo, ndara na mkanda wa mkononi wenye ufunguo wa kabati. Vinywaji huandikwa kwenye mkanda, unalipa wakati wa kutoka, na mkanda ukipotea unalipishwa. Oga kwanza. Kwenye chumba cha joto kavu unakaa uchi juu ya taulo, na taulo lazima lifike hadi chini ya nyayo, jasho lisiguse ubao. Mgeni aliyevaa bukta humo hukemewa kuliko aliye uchi.

Kuhusu afya, anza kabla ya safari. Kenya vidonge vya PrEP, vya kujikinga na HIV kabla ya tendo, vimekuwa vikitolewa bure kwenye vituo vya umma tangu 2017, kwa hiyo njoo na vyako, ndani ya kopo lake. Wanaume wanaotumia kwa mpango wa safari hunywa viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, kimoja tena saa 48 baada ya hivyo viwili; ukiendelea kufanya, endelea kimoja kwa siku hadi siku mbili baada ya tendo la mwisho. Mwenye homa ya ini aina ya B asitumie mpango huu wa kuanza na kuacha, kwa sababu dawa hiyo hukandamiza virusi vya ini na kuiacha ghafla kunaweza kuviamsha. Kwetu homa hiyo ni ya kawaida na wengi hawajui kama wanayo, basi pima kwanza. Chanjo ya mpox ni dozi mbili, kwa kawaida siku 28 kati yake. Ukiweza kuipata, usisubiri wiki ya safari.

Ikitokea ajali, mpira umepasuka na hukuwa kwenye PrEP, dawa za PEP, za kuzuia HIV baada ya tendo, ni bora zaidi zikianza ndani ya saa 24, na baada ya saa 48 faida yake hupungua sana. Usisubiri Jumatatu. Hospitali ya Auguste-Viktoria, huko huko Schöneberg, ina uzoefu huo. Vipimo vya HIV, kaswende na kisonono hufanywa Checkpoint BLN karibu na Hermannplatz, hata kwa asiye na bima ya Ujerumani. Mann-O-Meter, Bülowstraße 106, wanashauri bila kuuliza karatasi zako za uhamiaji.

Dawa za kulevya zitakupitia mbele ya macho, tusidanganyane. Bangi imeruhusiwa kwa watu wazima tangu Aprili 2024, lakini mgeni hana duka halali la kuinunua. Ya kuogopwa sana ni ile ya maji inayoitwa G. Tofauti kati ya kulewa nayo na kuzimia ni sehemu ndogo ya mililita, na ikichanganyika na pombe inasimamisha pumzi. Klabu humtoa yeyote anayekutwa nayo. Ukimwona mtu anakoroma sakafuni usiseme amelala: mgeuze ubavu, mwite mfanyakazi, piga 112. Poppers, ile dawa ya kunusa kwenye kichupa, na vidonge vya kusimamisha, kama Viagra, havipatani kamwe. Shinikizo la damu huporomoka ghafla. Na glasi yako usiiache kaunta, hata kwa mtu mliyecheza naye saa nzima.

Usafiri wa usiku ni mwepesi Ijumaa na Jumamosi, U-Bahn, treni za chini ya ardhi, hupita usiku kucha kila dakika 15, isipokuwa U4. Siku nyingine hukatika kama saa saba usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri, mabasi yenye herufi N yanachukua nafasi. Hakuna geti stesheni, na hapo ndipo wengi hudhani ni bure. Wakaguzi huvaa kiraia. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Usiku wa manane kaa kwenye behewa lenye watu, na mkishuka Kottbusser Tor au karibu na Görlitzer Park mkaguliwe na polisi, kuwa na kitambulisho halisi mkononi hufupisha mazungumzo. Mkishambuliwa kwa sababu ya kushikana mikono, namba ni 110. Polisi wa Berlin wana maofisa maalumu wa kesi hizi, na shirika la Maneo husindikiza mtu kutoa taarifa. Jambo moja dogo: msidhani Kiswahili ni lugha ya siri ndani ya treni. Kimefundishwa Berlin tangu chuo cha lugha za Mashariki kilipofunguliwa 1887, na bado kinafundishwa Chuo Kikuu cha Humboldt. Yule mzungu anayesoma gazeti anaweza kuwa anawasikia vizuri sana mnavyojadili suruali yake.

Bei za vyumba hupanda Pasaka, wanapokuja watu wa mavazi ya ngozi, wiki mbili za mwisho za Julai kwa sherehe ya mtaa wa Motzstraße na gwaride la fahari la CSD, na Septemba kwa Folsom, tamasha jingine la mavazi ya ngozi. Hoteli huongeza kodi ya mji, asilimia 7.5 tangu 2025, ambayo mara nyingi haionekani kwenye bei ya kwanza. Novemba ni nafuu na foleni fupi, ila jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na wengine roho huwashuka. Mwenye kupenda mwanga aje Juni.

Kabla ya kurudi, kaa na simu yako nusu saa. Kwa ngono ya jinsia moja, Kenya kifungu cha 162 bado kinataja kifungo cha miaka 14, Tanzania kifungu cha 154 kinafika kifungo cha maisha, Uganda ina sheria yake ya 2023. Toka kwenye programu za kutafutana na uzifute, si kuzificha. Futa picha, kisha zifute tena kwenye pipa la taka na kwenye hifadhi ya mtandaoni, zikiwemo zilizojihifadhi zenyewe kutoka WhatsApp. Mihuri ya wino mkononi hutoka kwa mafuta ya nazi na sabuni. Anza siku moja kabla. Ukiwa na picha za wenzako Waswahili, mali hiyo si yako peke yako, waulize kabla ya kubaki nazo.

Na tiketi ya kwenda uwanja wa ndege wa BER ni ya kanda ABC. Ile ya AB uliyoizoea wiki nzima haitoshi, na faini ni euro 60.